Lancaster: bunduki za mgongoni na puani zilistahili kubaki?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tujadili hili bila jazba. Katika Vita ya Pili ya Dunia, jeshi la ndege za mabomu la Uingereza, Bomber Command, lilipoteza warukaji 55,573 kati ya takriban 125,000. Wengi walifia ndani ya Lancaster, ndege nzito ya injini nne iliyobeba watu saba. Msimamo wangu: vibanda vya bunduki vya mgongoni na puani vilipaswa kung'olewa mwaka 1943, watu wapungue na mwendo uongezeke.

Msiniambie ndege ilikuwa haibadilishiki. Lancaster yenyewe ilitokana na ndege iliyoitwa Manchester, ya injini mbili za Vulture zilizokuwa zikiharibika hovyo. Mbunifu wake, Roy Chadwick, akarefusha mabawa, akaweka injini nne za Merlin, ikaruka Januari 1941. Ilipohofiwa Merlin zitaadimika, likaundwa toleo la II lenye injini za Hercules, ndege 300. Toleo la III lilikuwa la I lenye Merlin za Packard kutoka Marekani. La X likajengwa Kanada. Baadaye hata tumbo lilikatwa ili ndege ibebe bomu la Grand Slam, karibu tani 10.

Lakini bunduki, kwa sehemu kubwa ya vita, zilibaki za milimita 7.7, huku ndege za Wajerumani za usiku zikija na mizinga ya milimita 20. Kuanzia 1943 wakaanza kuifunga ikielekea juu: rubani anajipenyeza chini ya tumbo, analenga matangi ya mafuta ndani ya bawa, anapiga. Mtu wa mgongoni atamwona wapi?

Na kung'oa kuliwezekana. Lancaster zilizokwenda kuvunja mabwawa ya Ujerumani, Mei 1943, hazikuwa na kibanda cha mgongoni. Zile za Grand Slam za 1945 hazikuwa nacho, wala cha puani. Freeman Dyson, aliyefanya hesabu za vita katika makao makuu ya jeshi hilo, aliandika baadaye kwamba yeye na mkuu wake Smeed waliamini kuondoa vibanda kungeongeza mwendo kwa kilomita 80 hivi kwa saa. Hawakusikilizwa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umesahau macho. Kazi kubwa ya mpiga bunduki ilikuwa kumwona adui mapema na kumpigia rubani kelele apinde na kuzama gizani. Wengi walirudi nyumbani bila kufyatua risasi hata moja, na walirudi kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anaangalia. Halafu hizo kilo unazopunguza, unadhani Harris, mkuu wa Bomber Command, angeziacha ziwe mwendo? Angejaza mabomu.

Mleta mada:
Sijagusa kibanda cha mkiani, ndugu yangu. Huyo abaki. Ila kama hoja ni macho, macho yalihitajika chini. Kibanda cha tumboni kilikuwepo kwenye Lancaster za mwanzo kikaondolewa, na nafasi ile ikaja kuchukuliwa na rada ya H2S. Baadhi ya vikosi, hasa vya Wakanada, viliweka bunduki tumboni. Kwa nini wengine wote walirushwa wakiwa vipofu upande huo? Kuhusu Harris, hapo umenisaidia: shida ilikuwa ya uamuzi, si ya fundi.

Mchangiaji wa pili:
Halifax, ndege nyingine nzito ya mabomu ya Waingereza, ilifanya unachotaka. Baadhi za toleo la II ziling'olewa kibanda cha puani, pua ikafunikwa laini. Mapezi ya mkia ya pembetatu, yaliyokuwa yakimnyang'anya rubani usukani, yakabadilishwa kuwa mapana. Ndipo ikaja ya III yenye Hercules, ndege nzuri kabisa. Harris bado aliidharau kwa kuwa Lancaster ilibeba zaidi.

Mimi nawauliza kuhusu tundu la kuokokea. La Lancaster, sakafuni puani, lilikuwa na upana wa sentimita 56. La Halifax 61 hivi. Vaeni koti zito, fungeni parachuti kifuani, ndege inazunguka inawaka, mpite hapo. Kwa hesabu za Dyson, zikiangushwa, waliotoka hai Halifax walikuwa kama asilimia 25, Lancaster 15. Na mtu wa mkiani parachuti yake ilining'inia nje ya kibanda. Ilimbidi afungue milango nyuma yake aitafute kwanza.

Mchangiaji wa tatu:
Mnawahesabu waliokuwa juu tu. Hamburg, Julai 1943, walikufa zaidi ya watu 30,000 chini. Ndege yenye kasi zaidi ingewaongezea nini?

Mleta mada:
Swali lako ni zito na silikwepi: kampeni ile ya kuchoma miji naipinga. Lakini vijana wale hawakuchagua shabaha. Aliyechagua shabaha ndiye aliyechagua pia kupima ndege kwa tani inazobeba. Hilo tundu ni ushahidi tosha. Dyson anaeleza kwamba mwenzake alipigania lipanuliwe, na vita ikawa inaelekea ukingoni kabla hajafanikiwa. Sentimita chache za bati! Kiwanda kilichoweza kukata tumbo zima kwa ajili ya bomu moja kilishindwa nini hapo? Anayetetea maamuzi yale aanze kunijibu hilo, ndipo turudi kwenye bunduki.