Mjadala: Bwana wa Akō alionewa, au aliwaponza watu wake?

Mleta mada

Wakuu, hadithi ya wale samurai 47 ikisimuliwa, mabishano yote huishia kwao: mashujaa au wauaji? Leo naomba tumjadili aliyewasha moto wenyewe, bwana wao, Asano Naganori.

Kwa asiyeijua habari: Asano alikuwa daimyo, yaani bwana wa jimbo aliye chini ya shoguni, mtawala wa kijeshi aliyeshika madaraka ya nchi. Jimbo lake ni Akō, pwani ya Harima, magharibi mwa Japani, na alilirithi mwaka 1675 akiwa mtoto wa miaka saba. Tarehe 21 Aprili 1701 alikuwa ndani ya ngome ya Edo, Tokyo ya leo, akiwa mwenyeji wa wajumbe wa mfalme waliotoka Kyoto. Hapo ukumbini alichomoa upanga mfupi akamkata Kira Yoshinaka, mzee wa karibu miaka sitini aliyekuwa mkuu wa itifaki. Alimjeruhi kwenye paji la uso na mgongoni, hakumuua. Siku hiyohiyo Shoguni Tokugawa Tsunayoshi akaamuru Asano ajipasue tumbo, na usiku ulipoingia alikuwa maiti. Jimbo likanyang'anywa. Samurai wapatao 300 wakapoteza posho, nyumba na jina. Usiku wa kuamkia 31 Januari 1703, 47 kati yao wakavamia nyumba ya Kira, wakamkata kichwa na kukipeleka kwenye kaburi la bwana wao, hekalu la Sengakuji.

Msimamo wangu: Asano hakuonewa. Mtu ambaye nyumba 300 zinakula kwa mkono wake hana haki ya kukasirika kama kapera. Nipingeni.

Wakili wa Kijiweni

Mada nzuri, mkuu, ila umeruka jambo kubwa. Tangu zama za vita, Japani ilikuwa na desturi moja ngumu: wawili wakigombana, wote waadhibiwe, bila kuuliza nani kaanza. Sasa tazama kilichotokea. Kira aliambiwa nenda katibiwe, pole sana. Asano akapelekwa nyumbani kwa bwana mwingine, Tamura, akamalizwa bustanini. Bustanini! Mwenye cheo chake alistahili kufia ndani ya chumba. Hukumu ya daimyo, na ya jimbo zima, ilichukua saa chache. Uchunguzi ulikuwa wa juujuu mno, ndiyo maana mpaka leo hatujui kinyongo chenyewe kilikuwa nini.

Na kwa nini haraka ile? Shoguni alikuwa akimtafutia mama yake, Keishōin, cheo kikubwa kutoka kwa mfalme, na Asano kamwaga damu mbele ya wajumbe. Sasa niambieni, siku ile aliyehukumu kwa hasira ni nani?

Mkaidi

Wakili, ili uwe ugomvi lazima wawe wawili. Kira hakugusa upanga wake. Kajikawa Yosobei, ofisa aliyemkumbatia Asano na kumzuia, aliacha maandishi: Asano alitokea nyuma ya mzee, akapaza sauti kumkumbusha kinyongo, akampiga. Aliyekatwa mgongoni umwadhibu kwa kosa gani? Msomi Satō Naokata aliyasema haya zama zilezile: Kira si aliyemuua Asano. Asano aliuawa kwa kuvunja sheria.

Tena nendeni eneo la Kira kwenyewe, siku hizi ni sehemu ya mji wa Nishio, mkoa wa Aichi. Huko yule mzee anakumbukwa kuwa bwana mwema aliyejengea wakulima tuta la kuzuia mafuriko. Michezo ya kuigiza ndiyo iliyomgeuza shetani.

Mgeni Mjini

Samahani wakuu, nimechelewa. Nimesoma mahali kuwa Asano alikuwa "daimyo mdogo" mwenye koku 53,000. Koku ni nini, na udogo wake uko wapi hapo?

Mzee wa Kahawa

Umeuliza swali walilopaswa kuanza nalo hawa, mwanangu.

Koku moja ni kama lita 180 za mchele, ilikadiriwa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Ukifika koku 10,000 unaitwa daimyo, na walikuwepo kama 260. Maeda wa Kaga alipita milioni. Tawi kuu la ukoo wa Asano, huko Hiroshima, lilikuwa na zaidi ya 370,000. Huyu wa Akō ni kitawi. Na hizo 53,000 hazikuwa mchele wa ghalani mwake. Ni makadirio ya mavuno ya jimbo zima. Mkulima abaki na chake, samurai wapewe posho, ndipo bwana aone kilichobaki.

Kilichobaki kinaliwa na njia. Sheria ilimtaka kila daimyo akae mwaka Edo, mwaka jimboni. Mke na mrithi hawaondoki Edo kabisa, ni rehani kwa shoguni. Kutoka Akō hadi Edo ni zaidi ya kilomita 600, na bwana hasafiri na begi mkononi: kuna walinzi, wapagazi, farasi, masanduku, kulipia malazi kila kituo. Ukifika Edo una majumba ya kutunza mwaka mzima, uwepo usiwepo. Halafu shoguni anakupangia kazi kwa gharama yako. Leo uzime moto wa mji, kesho upokee wajumbe wa mfalme. Asano alifanya zote mbili. Nafuu yake ilikuwa chumvi. Akō ilisifika kwa chumvi ya pwani. (Wapo wanaodai yeye na Kira waligombea siri ya kutengeneza chumvi. Ni hadithi tu, haina ushahidi.)

Kwa hiyo mleta mada anaposema "bwana", mimi naona mtu aliyefungwa kwa kamba ya hariri tangu utoto. Miaka 26 ya kuinama, kubadili mavazi kulingana na siku, kumpelekea zawadi kila aliye juu yako. Simtetei. Nasema tu, kamba ile ilikuwa imekaza.

Mleta mada

Mzee, nakuheshimu, lakini kamba hiyo iliwakaza wote 260. Mwenzake wa siku ileile, Date Muneharu wa Yoshida, mwenye koku 30,000 tu, alikuwa akimhudumia mjumbe wa mfalme mstaafu chini ya Kira huyohuyo. Hakuchomoa kitu. Na msiniambie Asano alinyimwa maelekezo akaaibika, kama wanavyoigiza jukwaani. Kazi ile aliwahi kuifanya mwaka 1683 akiwa kijana wa miaka 15, na Kira alikuwepo.

Sasa sikilizeni mambo mawili yanayoninyima usingizi.

La kwanza, mjomba wake, ndugu wa mama yake, Naitō Tadakatsu, bwana wa Toba. Mwaka 1680, katika ibada ya kumkumbuka shoguni aliyefariki, kwenye hekalu la Zōjōji, alimchoma daimyo mwenzake Nagai Naonaga akamuua. Akaamriwa kujipasua tumbo, na jimbo likaondoka. Asano alikuwa na miaka 12 au 13. Hakuhitaji kusoma sheria kitabuni. Aliiona kwenye msiba wa nyumbani.

La pili ndilo zito. Mwaka 1694 ukoo wa Mizunoya wa Matsuyama, Bitchū, ulifutwa kwa kukosa mrithi. Shoguni alimtuma nani akaipokee ngome? Asano. Alikwenda na watu wake, akaona samurai wa wenzake wakifungasha na kukabidhi funguo. Ōishi Kuranosuke, mkuu wa watumishi wake, akabaki kuilinda ngome ile zaidi ya mwaka. Miaka saba baadaye Ōishi huyohuyo anakabidhi ngome ya kwao. Mtu aliyewahi kumtoa mwenzake nyumbani anajua upanga ukitoka pale ukumbini nani atalala nje.

Wakili wa Kijiweni

Hilo la Matsuyama sikulijua. Nakubali limeniuma. Lakini linathibitisha alikosa, halithibitishi kwamba hukumu ilikuwa ya haki. Na kama alikuwa bwana mbovu, mbona watu walimfia?

Mama wa Sokoni

Na mimi niingie. Mnahesabu samurai tu. Akō ilikuwa ikitoa noti zake za karatasi. Jimbo likifutwa, noti ni makaratasi ya kufungia karanga. Wajumbe wa kwanza wa kupeleka habari Akō walitoka Edo kwa machela za mbio, siku nne na nusu, njia ambayo kwa kawaida ni zaidi ya wiki mbili. Habari zikavuja, wenye noti wakafurika. Ōishi akazikomboa kwa asilimia 60, na wanahistoria wanamsifu, alijitahidi, sibishi. Ila mchuuzi aliyelala na kumi akaamka na sita alimkosea nini Kira?

Mzee wa Kahawa

Mama umenena. Na nimjibu wakili kuhusu kumfia. Karibu mwaka na nusu wa mwanzo Ōishi alikuwa akisihi jambo moja: mdogo wake marehemu, Asano Nagahiro, apewe ukoo uendelee. Kiangazi cha 1702 Nagahiro akakabidhiwa kwa jamaa wa Hiroshima, tumaini likazimika. Hapo ndipo kisasi kikaamuliwa. Kwanza walitaka nyumba yao irudi, upanga ukafuata. Samurai mwandishi Yamamoto Tsunetomo wa Saga aliwalaumu kwa kuchelewa huko: je, kama Kira angekufa kwa maradhi? Naye msomi Ogyū Sorai akasema uaminifu wao ni jambo la binafsi na sheria ni ya umma, basi wafe, lakini kwa heshima. Wakafa 46 kati ya wale 47 kwa amri, Machi 1703. Na 47 kati ya 300 si wengi, wakili. Hao wengine hatuwaimbii nyimbo.

Mkaidi

Nagahiro mwenyewe alirudishiwa kitu mwaka 1710, baada ya Tsunayoshi kufariki. Koku 500. Kutoka 53,000.

Mgeni Mjini

Nina swali moja la kijinga. Upanga mfupi ni wa kuchoma. Mjomba wake alichoma, akaua. Yeye alikata mara mbili na mzee akapona. Kama alishakubali kupoteza kila kitu, mbona hakuchoma?

Mleta mada

Si la kijinga. Watu wa Edo waliuliza hivyohivyo, tena kwa kejeli. Wakili, hilo nakuachia wewe.