Naomba ushauri: kichwani nivae nini kuchezea airsoft?

Wadau mambo, mimi niko Malindi, mwezi wa saba naenda Italia kwa shemeji yangu na yeye na wenzake kila jumapili wako msituni wanacheza airsoft, wenyewe wanaita softair, mchezo wa kulengana kwa zile bunduki za kuchezea zinazotoa vigololi vya plastiki vya milimita 6. Sheria ya kule nguvu isizidi jouli 1 lakini sikio likiwa wazi nasikia utaruka.

Sasa shida yangu ni kichwa, tena nina kipara. Juzi nimejaribu helmeti ya boda ya jirani na miwani ya fundi welda, dakika kumi tu hapo uani jasho tiririri, miwani imejaa ukungu hata kuku simwoni, watoto wanacheka. Maski ya wavu haishiki ukungu ila kigololi kikipasuka vipande vyaweza kupita, kwa hivyo miwani ya kuhimili pigo lazima, hapo sibishi.

Mwenye amewahi kucheza anisaidie, nichukue helmeti nyepesi ya matundu ama nijifunge kikoi kama mabaharia na kofia ya ukingo juu yatosha? Na masikio mwayafunika na nini?