Nilipeleka Land Rover ya marehemu baba ifufuliwe, nimerudishiwa bati lililopakwa rangi

Ndugu wanajukwaa, gereji yenyewe siitaji kwa jina, ila wenye magari ya zamani hapa Dodoma nawaomba msome kabla hamjampa mtu malipo ya awali.

Mwezi Machi nilipeleka Kizota pikapu ya Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ambayo baba aliitumia kubebea zabibu za Hombolo. Tulikubaliana kwa maandishi kwamba chasisi ikatwe kila ilipoliwa na kutu na kuungwa chuma kipya, breki zifumuliwe na kubadilishwa, na hapo ndipo ifungwe injini ya Toyota V8 ya lita 4 niliyoinunua mwenyewe, kwa ule mtindo wa Wamarekani wa kuipa bodi kuukuu injini ya kijana. Nikalipa shilingi milioni 6, kisha ikafuata miezi minane ya "njoo Jumamosi".

Siku ya kukabidhiwa, gari liling'aa hata nikakaribia kulia. Jioni mwanangu, akichezea sumaku ya spika mbovu, akainasisha kwenye madigadi ya mbele. Wanaozijua Land Rover hizi wameshaelewa: madigadi yake ni ya aluminiamu, na sumaku haishiki aluminiamu hata uibembeleze. Yangu yameuzwa kwa kilo, pengine sasa ni masufuria. Nikaingia uvunguni, nikachokonoa chasisi kwa bisibisi pale inaposhikia springi za nyuma, nayo ikazama hadi kwenye mpini. Kutu ilikuwa imezikwa kwa puti na rangi nyeusi nzito.

Breki ni zile zile za dramu, zilizoundiwa injini ya lita 2.25. Kiwanda chenyewe, kilipofunga V8 ya lita 3.5 kwenye gari hili mwaka 1979, kiliipunguza nguvu injini hiyo. Fundi wangu ananijibu kwamba nilitaka nguvu na nguvu nimepewa. Nishuke nayo milima ya Kondoa na mzigo kwa breki hizo?

Injini ya zamani, ambayo namba yake ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, eti ilichukuliwa na watu wa chuma chakavu. Nadai injini hiyo, madigadi yangu na kazi ya chasisi niliyoilipia, na mkataba ninao. Aliyeona madigadi ya Series III yakiuzwa Kizota au Majengo tangu Machi, yenye kovu la pembe ya ng'ombe upande wa kushoto, naomba aandike hapa.