Barua kwa Lucasfilm kuhusu Star Wars ya 1977: tudai nini hasa?

Kopo_la_Mkanda

Wakuu, habari za leo. Kuna barua ya mashabiki inayozungushwa kutafutiwa saini, iende Lucasfilm, kampuni iliyotengeneza filamu za Star Wars, na kwa George Lucas mwenyewe, mwanzilishi wake. Rasimu inasema "tunaomba filamu tatu za mwanzo zirudishwe zilivyokuwa", basi. Naliona dai jepesi. Toleo la 1977 limeshatangazwa kurudi sinemani 2027, miaka 50 tangu litoke, kwa hiyo tukiomba kwa maneno ya jumla tutajibiwa kwamba tumeshapewa.

Naomba wanaoijua kazi hii wanisaidie. Ni kweli negativu ya 1977 (mkanda wa asili uliopita kwenye kamera) haipo tena? Kama haipo, picha nzuri itatoka wapi? Na DVD ya 2006 iliyokuwa na toleo la zamani, kwa nini watu huikataa?

FundiRili

Mkuu, tuanze na negativu maana hapo ndipo barua nyingi huteleza. Haikuchomwa wala kutupwa. Ilibadilishwa. Kwa ajili ya Toleo Maalumu la 1997, yaani filamu ileile ambayo Lucas aliirekebisha, shoti mpya zilichapwa kwenye mkanda zikaungwa ndani ya negativu ileile, na vipande vya zamani vikatolewa. Ukiipitisha leo kwenye skana, inakupa filamu ya 1997. Lucasfilm yenyewe ilisema mwaka 2006 kwamba negativu zilibadilishwa kabisa na kwamba printi (nakala za kuonyeshea sinemani) zilizopo za matoleo ya mwanzo ziko katika hali mbaya. La kwanza ni kweli. La pili ndilo la kubishia.

Negativu hiyo haikuwa mkanda wa aina moja, ilikuwa na aina nne. Mmoja ni ule unaoitwa CRI, uliotumika kwenye shoti za maujanja na za kuunganisha picha. Faida yake ni kwamba unatoa negativu ya pili moja kwa moja kutoka ya kwanza, bila kupitia pozitivu ya kati (nakala ya katikati, isiyogeuzwa rangi kama negativu), kwa hiyo unaokoa kizazi kimoja, maana kila nakala ya nakala hupoteza ubora. Hasara ni kwamba rangi zake hufifia haraka. Wakati wa kuisafisha kwa toleo la 1997 ilibidi negativu ifumuliwe, kwa sababu CRI haivumilii dawa ya kuoshea ambayo mikanda mingine inaistahimili.

Palipoharibika sana walirudi kwenye masta (nakala za akiba) za kutenganisha rangi: mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe, kila mmoja umebeba rangi yake. Picha ya nyeusi na nyeupe ni chembe za fedha, haififii kama rangi za kemikali. Masta hizo zilitokana na filamu ya 1977, kwa hiyo picha ya 1977 imo humo. Shida yake ni kwamba mikanda mitatu haisinyai sawasawa. Ukiilaza pamoja unapata ukingo mwekundu upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Zamani hilo lilikuwa donda ndugu. Siku hizi kompyuta huzilinganisha fremu kwa fremu.

Kwa hiyo msiandike "tupeni negativu ya asili". Andikeni "rudisheni toleo la 1977 kutoka kwenye vipande vilivyotolewa kwenye negativu, masta za kutenganisha rangi na pozitivu za kati". Wataelewa kwamba mnajua kilichomo ghalani.

Bi_Projekta

Naongeza printi. Printi nyingi za mkanda wa rangi wa Eastman (Kodak) za miaka ile zimegeuka waridi, maana rangi ya sayani (bluu ya kijani) hufa kwanza. Lakini printi za Uingereza za 1977 zilichapwa kwa njia ya Technicolor ya kuhamisha wino. Marekani ilikuwa imeshaiacha njia hiyo, London bado ilikuwa inaitumia. Wino huo haufifii. BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, ilionyesha printi ya namna hiyo London tarehe 12 Juni 2025, kwa hiyo hoja ya kwamba printi zote zimekufa haina miguu.

Msiidai iwe chanzo kikuu, lakini. Printi ya maonyesho iko vizazi kadhaa mbali na negativu: giza lake hufunga, maelezo ya kwenye vivuli hupotea, na mikwaruzo ya projekta imo. Mradi wa mashabiki wa 4K77, wa kuirudisha filamu ya 1977, umeskaniwa hasa kutoka printi za Technicolor, na ukiutazama utaona uzuri huo na mipaka hiyo. Matumizi sahihi ya printi ni kuwa kipimo cha rangi. Maelezo ya picha yachukuliwe kwenye masta, rangi isahihishwe huku printi inatazamwa pembeni.

Msikubali pia hoja ya gharama. Filamu ya dakika 121 ni futi kama 10,890 za milimita 35, fremu 174,240. Ukiskani kwa upana wa piseli 4096 kwa 3112, faili la biti 10 ni kama megabaiti 51 kwa fremu. Jumla ni terabaiti 9 hivi. Diski moja ya kisasa inalimeza hilo na nafasi inabaki. Gharama iko kwenye mikono ya watu wanaofuta uchafu.

Kuhusu DVD ya 2006: ilitolewa kwenye masta ya leza diski (diski kubwa ya video ya kabla ya DVD) ya 1993, tena haikupanuliwa kwa televisheni pana. Picha yenye upana mara 2.35 ya kimo chake ikiwa ndani ya fremu ya 4:3 (umbo la televisheni za zamani) inabaki na mistari kama 272 tu kati ya 480. Ingepanuliwa ingepata kama 363. Juu ya hapo, mashine ya kuondoa chengachenga iliyotumika 1993 iliacha mkia nyuma ya vitu vinavyokwenda kasi. Tazama nyota kamera inaposogea.

Kiti_cha_Nyuma

Samahani, nitakwenda kinyume. Lucas ndiye mwenye kazi. Kama anaona toleo la 1997 ndilo alilokusudia, sisi ni nani? Mchoraji akirudi kupaka rangi picha yake hatumshtaki.

FundiRili

@Kiti_cha_Nyuma haki ya kuibadilisha anayo, hakuna anayebisha. Ila mchoraji huyo, yaani Lucas, alikwenda mbele ya Seneti ya Marekani mwezi Machi 1988 kupinga filamu za zamani kubadilishwa, akisema kazi hizo ni sehemu ya historia ya taifa. Mwaka uliofuata filamu yake hii ikawa kati ya 25 za kwanza kwenye orodha ya kitaifa ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kumbuka kwamba kuingizwa humo hakumlazimishi mwenye haki kuiuza kwa umma. Msiitumie kama rungu la sheria, itumieni kama ushahidi wa thamani.

Na hakuna anayeomba toleo jipya lifutwe. Filamu ya Blade Runner ilitoka upya 2007 na matoleo matano kwenye sanduku moja, la 1982 likiwemo. Filamu ya Close Encounters mwaka huohuo ilitoka na matatu.

Sikio_la_Sinema

Mmesahau sauti, na huwa inasahaulika kila mara. 1977 ilikuwa na michanganyo mitatu ya sauti: stereo ya Dolby ya mkanda wa milimita 35, ya njia sita za sumaku kwenye milimita 70, na mono (ya njia moja). Si sauti moja iliyopunguzwa. Kwenye mono, shangazi yake Luke, shujaa wa filamu, ana sauti ya mtu mwingine, na roboti C-3PO anaeleza mtambo wa kuvuta meli umeunganishwa wapi, maneno ambayo stereo haina. Andikeni michanganyo yote mitatu kwa majina, la sivyo mtapewa picha ya 1977 yenye sauti ya miaka ya karibuni.

Kopo_la_Mkanda

Ahsanteni sana wakuu. Nimebadilisha hivi: "Tunaomba toleo la Mei 1977, lisilo na maneno 'Episode IV' kwenye maandishi ya mwanzo (yaliongezwa 1981), pamoja na matoleo ya sinema ya 1980 (The Empire Strikes Back) na 1983 (Return of the Jedi), yarudishwe kutoka kwenye vipande vya negativu na masta za kutenganisha rangi, rangi zipimwe kwa printi ya Technicolor pale ilipo, yawe na michanganyo ya sauti ya wakati huo, na yauzwe kwenye diski, siyo sinemani pekee." Kuna kilichobaki?

Bi_Projekta

Kimoja, kwenye 1980. The Empire Strikes Back ilianza tarehe 21 Mei kwa printi za milimita 70, kisha Lucas akaongeza shoti tatu karibu na mwisho kwa ajili ya zile za milimita 35. Andika "toleo la milimita 35 la 1980". Ukiandika mwaka peke yake umewapa upenyo.