Tupeane uzoefu: resini ya shingo ya jino imekaa kwako miaka mingapi?

BintiShela (Malindi):
Assalaam aleikum wapendwa. Sizungumzii jino lililooza. Nazungumzia ule mfuo unaochimbika kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na ufizi, ukipitisha ukucha unakwama. Mimi nilizibwa matatu kwa ile resini nyeupe inayogandishwa kwa taa ya buluu. Mbili zipo. Ya tatu, ya kwenye chonge, imetoka juzi nikisukutua, nikaiona kwenye sinki nzima nzima kama gamba la changu. Maumivu hakuna, ila maji baridi sasa yanapiga mpaka kwenye sikio. Daktari asema hutokea, mume wangu asema nimeliwa pesa. Waliozibwa zamani, zenu zimekaa muda gani? Na hasa watu wa huku kwetu, maana barafu za ukwaju na embe mbichi ya pilipili hatuziachi.

MzeeWaMkomani (Lamu):
Aleikum salaam binti yangu. Zangu nilitiwa Mombasa mwaka 2014 na zote zipo. Zimeingia mstari wa kahawia pembeni, kwa sababu sigara niliacha lakini tambuu bado. Wajukuu wanicheka, basi. Ninalolikumbuka ni vile yule daktari alivyonikalisha. Alinipenyeza uzi mwembamba chini ya ufizi, akanijaza pamba mashavuni, akakwaruza jino kwa kile kimashine chake, akapaka dawa moja, akapuliza, akapaka nyingine. Kila nikitaka kumeza mate ananiambia, "Mzee, bado." Nilimwona msumbufu kwelikweli.

Kaka_Mokowe:
Yangu haikufika hata Ramadhani ya pili. Nilikwenda fizi zikitoa damu, nikafutwa kwa pamba, ikabandikwa, nikamulikwa taa, haya nenda. Ikatoka. Nikarudi, nikatiwa bure, ikatoka tena. Sasa nakula upande mmoja.

AfisaMeno_Pwani:
Nafanya kazi hii ya meno, niruhusuni nichangie. Kaka, ile damu ndiyo iliyoitoa resini yako. Jino lililotoboka lina kuta, kwa hiyo resini hukaa shimoni hata gundi ikilegea kidogo. Shingoni hakuna kuta, ni mteremko tu, na resini inashikiliwa na gundi peke yake. Mate au damu ikigusa kabla ya taa kuwashwa, umeshaharibu. Ndiyo maana hata watafiti wakitaka kupima nguvu ya gundi mpya huipeleka hapa hapa shingoni, pasipo na msaada mwingine.

Upande wa juu, kwenye enameli, lile ganda gumu la nje la jino, si tabu sana. Kuichokoa enameli kwa asidi ili resini ishike kulianza na daktari wa meno Buonocore mwaka 1955 na mpaka leo ndiyo njia. Tabu iko upande wa ufizi, kwenye dentini, ile sehemu ya jino iliyo chini ya enameli. Dentini ina unyevu wake. Na kwa mtu mzima aliyesugua miaka mingi imekuwa ngumu, ya manjano, inang'aa, vitundu vyake vimezibwa na madini, gundi haipati pa kuzama. Yule daktari wa mzee alipokwaruza alikuwa akiondoa kile kigaga cha juu, na uzi ulikuwa wa kusukuma ufizi nyuma na kuzuia maji yake. Huko Ubelgiji, Chuo Kikuu cha Leuven kiliwafuatilia wagonjwa wa aina hii miaka 13, na resini nyingi zilikutwa bado mahali pake. Kwa hiyo dawa si mbovu. Tazameni mkono na nafasi aliyopewa mwenye mkono.

MpishiWaLangoni:
Mimi sikutiwa resini, nilitiwa glasi ionoma, ile saruji ya meno. Haina uzuri, imepauka, nikicheka yaonekana. Lakini imeganda! Ina miaka na miaka, ndimu na achari zote zapita hapo.

AfisaMeno_Pwani:
Ionoma hushikana na madini ya jino yenyewe, na haiogopi unyevu kama resini. Kwa kukaa, ni hodari. Kwa sura na kulika juu juu, resini inaishinda. Kwa Kaka wa Mokowe ningeanza na kutibu fizi, halafu ionoma.

MamaZuu_Malindi:
Na mbona hamsemi mswaki? Bwana wangu anunua ule mgumu kuliko wote dukani, asugua kulia kushoto kwa nguvu za kupigia deki, tena siku nyingine atia unga wa mkaa. Resini zake zipo, ila jino limeendelea kulika chini yake. Sasa pana ngazi.

AfisaMeno_Pwani:
Ngazi hiyo naiona kila wiki. Mswaki laini, mkono mwepesi, na ukishakunywa ukwaju suuza kwa maji, usikimbilie mswaki. Kuna wanaosaga meno usiku pia. Wataalamu wanabishana kama kusaga kunachimba shingo ya jino, lakini msagaji namtazama kwa karibu zaidi.

BintiShela:
Shukran. Je, hiyo iliyotoka lazima irudishwe? Na zile za mzee zenye mstari zing'olewe?

AfisaMeno_Pwani:
Za mzee zisafishwe na kung'arishwa tu, rangi peke yake si sababu ya kubomoa. Yako, kama mfuo ungekuwa mfupi na husikii kitu, ningekuambia uache tuangalie. Lakini maji baridi yanakupiga, rudi. Ukizibwa upya hupunguzwi tena jino kwa kiasi cha maana, ni kukwaruza na kubandika.

BintiShela:
Nimepangiwa Jumanne. Nikikaa kitini nisione uzi wala pamba, nauliza.

MzeeWaMkomani:
Na umeze mate kabisa kabla hujafungua kinywa.