Naombeni ushauri: kujichora sura kwa rangi ndani ya dakika 40, ni Jumamosi hii

Msanii wa Kusini: Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Kuna hoteli upande wa Mikindani inataka mchoraji wa kuwachora wageni sura wakati wanasubiri chakula. Usaili ni kujichora mwenyewe kwa dakika 40, rangi tupu, penseli hairuhusiwi. Nina akriliki za tyubu, brashi na ubao wa hadibodi. Nianzie wapi nisije nikamaliza muda niko kwenye jicho moja? Hata usingizi sipati.

KoroshoGhafi: Siti ya mbele. Mimi nilimpeleka mchumba akachorwe, akatoka kafanana na mjomba wake wa Nachingwea. Uchumba ukaishia hapo.

FundiRangi: Usianze na jicho, ndipo wengi wanapofia. Fumba macho nusu mbele ya kioo mpaka kope zipotee, ubaki unaona mabaka ya giza na mwanga tu. Hayo ndiyo upake kwanza, kwa brashi pana kuliko zote, ubao mzima. Nyeupe, oka ya njano (ile njano ya udongo), nyekundu na nyeusi zinatosha. Anders Zorn wa Uswidi alisifika kwa hizo nne. Macho yanakaa katikati ya utosi na kidevu, watu huyapandisha sana. Na kwa joto letu akriliki inakukaukia kwenye sahani, nyunyizia maji kila mara.

Bi Shangani: Mwanangu, kuchora viumbe ulishawauliza mashekhe? Chora mashua, chora minazi. Wageni wanapenda mashua.

Mtoto wa Tunduru: Edward Saidi Tingatinga alitokea kwetu Tunduru, akapaka rangi za enameli kwenye hadibodi kama hiyo yako na hakuhitaji kioo. Wachoree chui. Ila enameli usiibebe Jumamosi, mpaka ikauke wageni wameshalala.

Mpelelezi Huru: Mleta mada, uliwaonyesha kazi gani wakakuita? Aliyeitwa usaili haulizi aanzie wapi.

Msanii wa Kusini: Kazi zangu mwenyewe. Tusitoke nje ya mada.

Mpelelezi Huru: Ulizichoraje?

Msanii wa Kusini: Haya. Naprinti picha ya mteja stesheneri, naweka kaboni, nafuatisha mistari, halafu napaka. Maharusi wanazigombania. Kuangalia mtu hivi hivi nikamchora, bado. Na hawa simu wanazikusanya mlangoni, kinabaki kioo. Lakini njia ninayo: ubao tunakwenda nao wenyewe. Wangu nimeshaupiga kaboni, nikapitisha rangi ya udongo nyepesi juu yake, mistari naiona mimi tu. Sioni ubaya, uso ni wangu. Shida yangu ni spidi ya kupaka.

Bi Shangani: Kumbe!

FundiRangi: Una alama yoyote usoni?

Msanii wa Kusini: Kovu, shavu la kulia. Niliangukia jiwe Msimbati nikiwa mdogo.

FundiRangi: Basi umekwisha. Ukijitazama kwenye kioo, kovu la kulia unaliona kulia, na kwenye ubao linakaa kulia. Kwenye picha uliyoprinti liko kushoto, kama anavyokuona mtu aliyesimama mbele yako. Msimamizi akipita nyuma yako anatazama kioo, anatazama ubao, kazi imekwisha.

Mpelelezi Huru: Wakuu, subirini. Kwenye uzi wake wa dawa za ngozi aliandika kovu liko kushoto. Leo limehamia kulia. Hii ni chai.

KoroshoGhafi: Chai na mhogo wa kuchoma kabisa.

Mtoto wa Tunduru: Mimi nakaa Mikindani, hiyo hoteli siijui. Itaje.

Msanii wa Kusini: Siwezi kuitaja kabla ya usaili. Na kushoto niliandika nikiwa naangalia picha!

Mpelelezi Huru: Mtu mzima unauliza picha kovu lako liko wapi?

FundiRangi: Iwe chai isiwe chai, anayejichora kwa kioo kuna kitu atapata hapa. Mleta mada, hadibodi ina pande mbili. Pindua huo upande wa nyuma wenye vinyweleo kama gunia, unashika rangi vizuri, piga koti moja la nyeupe. Kaa dirishani mwanga ukupige shavu moja, hapo giza na mwanga vinajitenga vyenyewe. Tega alamu. Ikilia, paka nyeupe juu uanze tena. Pua ya kwanza itakuwa kiatu, usiirembe, pita.

Msanii wa Kusini: Nimekuelewa mkuu, ahsante sana. Ila nauliza tu: stesheneri si wanaweza kuigeuza picha kwenye kompyuta, kovu likaja kulia, nikapiga kaboni upya huko nyuma?

FundiRangi: Mimi naaga.

Bi Shangani: Mjukuu, kama hiyo hoteli ipo kweli, niulizie kama wanataka mpishi.