Biskuti za mama jirani

Neema: Shikamooni wakubwa. Jumamosi naenda kumwona yule mama jirani aliyemhudumia Bibi alipokuwa mgonjwa. Nataka nimpelekee biskuti nilizooka mwenyewe, zile za mbili mbili zenye krimu katikati. Nioke Ijumaa usiku?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Umewaza jambo jema sana. Oka hata Jumatano, ila krimu usiitie mpaka Jumamosi asubuhi.

Salim: Kwa nini Shangazi? Si amalize zote mara moja apumzike?

Shangazi: Jamu na krimu zina maji, na biskuti kavu huyanyonya. Ukiziweka tupu kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, wiki nzima bado zinakatika kwa mlio. Ukipaka jamu leo, kesho zimeshalegea. Krimu ya siagi huvumilia zaidi, maana mafuta ni mengi na maji ni machache.

Mama Mdogo: Mimi nazipenda zikishalegea kidogo! Siku ya pili ukiuma, krimu haitokezi pembeni.

Shangazi: Kweli mdogo wangu, za kula nyumbani sikatai. Lakini zawadi hujui mwenyewe ataifungua lini. Afadhali zifike kavu, zilegee mikononi mwake.

Neema: Vipimo je?

Shangazi: Shika moja, mbili, tatu: sukari ya unga gramu 100, siagi gramu 200, unga gramu 300. Katika huo unga, gramu 50 ziwe kornflawa, biskuti ziwe za kumung'unyika. Chumvi kidogo na vanila kijiko cha chai. Siagi iwe ya kubonyezeka kwa kidole, isiyeyuke. Piga siagi na sukari, tia unga, changanya mpaka ushikane tu, halafu acha. Ukikanda sana zinakuwa ngumu. Funga donge, weka kwenye friji nusu saa, ndipo usukume unene wa milimita 4.

Shangazi: Na huo unene usiubahatishe, nakuomba. Nene na nyembamba zikikaa trei moja, hizi zinaungua na zile bado mbichi. Tena zikija kubandikwa hazilingani.

Salim: Zitatoka ngapi?

Shangazi: Ukikata za upana wa sentimita 5, kama jozi 30. Krimu yake siagi gramu 100 na sukari ya unga gramu 200.

Bibi: Mjukuu wangu, Mungu akuzidishie. Yule mama hapendi utamu mwingi. Hata chai yake anaikoroga na sukari kidogo mno.

Neema: Asante Bibi, hilo sikulijua. Nipunguze sukari ya krimu?

Shangazi: Ukipunguza sana krimu haitasimama, itamwagika. Kuna ganda la limau na maji yake kijiko kimoja, ukali wake utaukata utamu. Na paka nyembamba.

Mama Mdogo: Neema, muulize kwanza kama kuna mtu kwake anayedhurika na karanga au maziwa. Piga simu leo.

Neema: Napiga sasa hivi.

Salim: Oveni ya kwenu si inachoma upande wa nyuma?

Mama Mdogo: Ageuze trei katikati ya muda. Nyuzi 170, dakika 12 hadi 15. Kingo zikianza tu kubadilika rangi, atoe. Zitakuwa laini bado, zinakaza zikipoa.

Shangazi: Na zipoe kabisa kabla ya krimu. Vuguvugu kidogo tu, siagi inayeyuka na biskuti ya juu inateleza.

Neema: Nimeongea naye. Yeye anakula vyote, ila mjukuu anayeishi naye akila karanga anavimba midomo.

Mama Mdogo: Umeona! Basi karanga zisikaribie jikoni siku hiyo. Osha bakuli, mwiko na trei kwa sabuni kabla ya kuanza. Soma na pakiti ya chokoleti kama utaitumia, nyingine zimeandikwa kwamba huenda zina karanga. Na uandike kikaratasi cha vitu vyote ulivyotia, ukiweke ndani ya kopo.

Neema: Sawa Mama Mdogo. Chokoleti naiacha, nabaki na limau.

Salim: Dada, nina kopo la bati lenye mfuniko mzuri, halijawahi kutiwa karanga. Nitakuletea Ijumaa.

Shangazi: Zipange zisimame kwa ubavu, zibanane, na karatasi ya kuokea kati ya safu. Zikilala moja juu ya nyingine, za chini zinakamuliwa krimu njiani.

Bibi: Umwambie nimeanza kutembea mpaka uani bila kushikwa.

Neema: Nitamwambia Bibi. Jumatano nikitoa trei ya kwanza natuma picha hapa, Shangazi aione rangi kabla sijaingiza ya pili.

Shangazi: Simu nitakuwa nayo mkononi.